Jinsi ya kumwambia kapteni amekosea, na jinsi ya kuwa kapteni anayeambika

Kila nikipata darasa jipya la wahudumu wa ndege hapa Kisumu huwa nafanya kitu moja bila kuwaambia. Naandika kwa ubao hesabu ya mafuta ya safari ya hapa hadi Nairobi, halafu katikati naweka kosa la wazi kabisa, kosa la kujumlisha tu, hata mtoto wa darasa la sita analiona. Naendelea kufundisha kama hakuna kitu. Mara ya mwisho walikuwa 14, nikasonga nusu saa nzima na hiyo hesabu iko pale juu, hakuna mtu alisema neno. Kabla ya chai nikauliza, nani aliona kuna kitu si sawa hapa? Mikono tisa. Tisa! Msichana mmoja wa Maseno akaniambia "Madam, nilidhani labda ni mambo hatujafika." Kijana wa nyuma akasema yeye hakutaka kuniaibisha mbele ya watu.

Hayo majibu mawili, nilidhani anajua na sikutaka kumwaibisha, utayakuta ndani ya ripoti nyingi sana za ajali za ndege. Watu hufikiria ndege huanguka kwa sababu injini imekufa ama radi imepiga, na hizo ziko, lakini kuna ajali nyingi ambapo ndege ilikuwa nzima kabisa ama ilikuwa na shida ndogo tu, na ndani yake kulikuwa na mtu ameshaona hatari na hakusema, ama alisema kwa sauti ya chini, ama alisema na bosi akampuuza. Kwa hivyo hii ni ya wewe unaesomea urubani, unaeanza kazi ya kabini, na pia wewe kapteni wa miaka mingi ambaye labda hujui vile vijana wako wanakuogopa.

Nianze na yetu, maanake inauma na iko karibu. Tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways, KQ 507, ilipaa kutoka Douala, Cameroon, usiku wa manane, mvua na radi, ikija Nairobi. Watu 114, hakuna aliyepona. Ilianguka kwenye kinamasi cha mikoko kilomita chache tu kutoka uwanjani na bado ikachukua kama siku mbili kuipata. Siandiki kuwalaumu marehemu, wako na familia na wengine ni majirani zetu. Lakini ripoti ya wachunguzi wa Cameroon iko wazi na kukaa kimya hakutawarudisha. Walipaa bila ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege. Baada ya kupaa ndege ikaanza kulala upande wa kulia polepole, ile polepole ambayo mwili hauhisi, na nje ni giza tupu huwezi kuona chini ni wapi. Kapteni aliamini otopailoti, ile mashine inayoiendesha ndege yenyewe, imeshika, kumbe haijashika. Alitamka kwamba anaiwasha na hakuna aliyethibitisha kwamba kweli imewaka. Kwa muda huo ni kama ndege ilikuwa haina mtu anaeiendesha, marubani wawili wamekaa hapo na kila mmoja anadhani kuna mwingine ama kuna mashine. Kengele ya kuonya ilipolia, kapteni akazungusha usukani kwa kuchanganyikiwa na hali ikawa mbaya zaidi. Chini ya dakika mbili kutoka kupaa yote yalikuwa yameisha. Kapteni alikuwa na miaka 52, msaidizi wake 23. Ripoti ikataja uratibu mbaya kati yao, na ikasema udhaifu wa aina hiyo ulikuwa umeshaonekana kwenye rekodi za mafunzo kabla ya hiyo siku. Hiyo sehemu ya rekodi mimi huirudia kila darasa, kwa sababu inamaanisha mtu fulani aliketi na karatasi akaandika kwamba hapa pako na shida, kisha kazi ikaendelea.

Sasa tufanye nini.

Anzeni kuongea kabla ya injini kuwashwa

Kama sauti yako ya kwanza kwa kapteni itakuwa ni ya kumpinga, haitatoka, nakuhakikishia. Koo inafunga. Kwa hivyo mazungumzo yaanze mapema wakati hakuna hatari. Ile brifingi ya asubuhi si ya kusomeana hali ya hewa tu. Kapteni, wajue watu kwa majina, waulize jana walilala saa ngapi, halafu sema maneno haya kwa mdomo wako, usidhani wanayajua: "Leo naweza kukosea. Ukiona kitu hukielewi niambie hapo hapo, hata kama huna uhakika, sitakasirika." Inachukua sekunde kumi. Na wewe mdogo kwenye timu, uliza swali moja hapo, lolote, hata la kijinga. Ukishaongea mara moja ya pili huwa rahisi.

Huku kwetu tumelelewa jaduong', yaani mzee, akiongea wewe unanyamaza, na ni heshima nzuri, mimi siikatai nyumbani. Lakini usidhani ni ugonjwa wa Waafrika peke yetu. Ajali iliyoua watu wengi zaidi kwenye historia ya ndege ilikuwa ya Mholanzi na Mmarekani, kisiwa cha Tenerife huko Uhispania, tarehe 27 Machi 1977, watu 583. Ukungu mzito, njia moja ya kurukia, ndege mbili za Boeing 747 zote ziko juu yake, moja ya KLM ya Uholanzi na moja ya Pan Am ya Marekani, na kapteni wa KLM ana haraka. Huyo kapteni, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa ndiye mkuu wa mafunzo ya 747 kwenye kampuni yao. Rubani msaidizi wake alikuwa amepimwa na kupitishwa na yeye mwenyewe miezi michache tu nyuma. Hebu jiweke kwa hicho kiti. Mara ya kwanza kapteni aliposukuma injini, msaidizi akamkumbusha kwamba hawajapewa ruhusa, na kapteni akasimama. Mara ya pili alipoondoka tena, msaidizi hakumzuia. Injinia aliyekaa nyuma yao ndiye aliuliza kama ile Pan Am imeshatoka njiani kweli, kapteni akajibu kwa mkazo kwamba imetoka, na injinia akanyamaza. Pan Am ilikuwa bado iko mbele yao.

Nafikiri sana kuhusu huyo injinia. Aliuliza swali la kweli kabisa, ila lilikuwa swali, na swali linaweza kujibiwa kwa neno moja na mtu ambaye hajui jibu.

Tamka vizuri, usidokeze

Hapa ndipo nakaa sana na wanafunzi, wengine wanachoka lakini sijali. Sisi tukiwa na wasiwasi tunazunguka. Tunasema "kapteni, mvua leo ni nyingi ee?" tukimaanisha turudi. Tunasema "mafuta naona yako" tukimaanisha yanaisha. Mkubwa mwenye shughuli hasikii hiyo, anasikia stori.

Mfano ambao huwa unaniliza ni ndege ya Eastern 401, Disemba 1972, karibu na Miami. Taa moja ndogo ya magurudumu ya mbele haikuwaka, balbu tu imeungua. Watu wote kwenye chumba cha marubani wakaingia kwa hiyo balbu, na otopailoti ikaachilia kimo bila wao kujua, ndege ikaanza kushuka usiku juu ya kinamasi cha Everglades. Muongozaji wa ndege aliyeko chini aliona kwenye rada kimo kimefika futi 900 wakati walifaa kuwa 2,000. Akawauliza tu mambo yanaendeleaje huko. Wakamjibu yako sawa. Watu 101 walikufa. Angesema "kimo chenu kinasoma futi 900" labda mtu angeinua macho.

Kwa hivyo kariri hivi. Muite kwa cheo ama kwa jina ili ajue ni yeye unaongelesha. Sema unachokiona kwa namba, si kwa hisia. Sema unataka nini kifanyike. "Kapteni, mafuta ni ya dakika kumi na tano. Tukatue sasa." Imeisha, usiongeze samahani, usiongeze sijui kama naeleweka. Asipojibu, ama akijibu kitu hakihusiani na ulichosema, rudia maneno yale yale kwa sauti ya juu zaidi. Akinyamaza mara ya pili, kama wewe ni rubani na ndege iko hatarini, unachukua usukani na unatangaza kwamba umechukua. Hiyo si uasi, kampuni nyingi zimeiandika kabisa kwa taratibu zao: mtu asiyejibu mara mbili unamchukulia kama amezimia akiwa amekaa.

Na muhimu, fanya mazoezi ya hayo maneno kwa Kiingereza pia, kwa sababu redioni tunatumia Kiingereza na ukiogopa lugha ya pili ndio inakimbia kwanza. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca kutoka Colombia ilizungushwa angani ikisubiri kutua New York mpaka mafuta yakaisha kabisa, watu 73 wakafa. Rubani msaidizi aliwaambia walioko chini kwamba mafuta yanawaishia, lakini hakuwahi kutamka neno la dharura, wala Mayday, na kwa muongozaji aliye na ndege nyingi usiku huo hayo maneno mengine yalipita kama ya kawaida. Kuna maneno yana funguo na mengine hayana. Yajue yenye funguo.

Mmoja arushe, mwingine aangalie, na msibadilishane kimyakimya

Hii ni fupi. Shida ikitokea, kapteni aseme nani anarusha na nani anashughulikia hiyo shida. Anaerusha haguzi kitabu, haangalii balbu, yeye ni kimo, kasi na ndege imelala upande gani, basi. Mkibadilishana mmoja aseme anachukua na mwingine ajibu ameachia. Mtu akisema ameweka otopailoti, mwingine aangalie kwa macho kama imewaka ndio aitike. Kuitika bila kuangalia ni afadhali usiitike.

Na pia mtu mmoja awekwe kuangalia saa na mafuta. Disemba 1978 huko Portland, Marekani, ndege ya United 173 ilizunguka karibu saa nzima wakishughulika na magurudumu. Injinia alitaja mafuta, akataja tena, kapteni akili yote iko kwa magurudumu na kuandaa abiria, mpaka injini zikazima moja baada ya nyingine. Kumi wakafa kati ya watu 189. Baada ya hiyo ndio Wamarekani walikubali kwamba kumfundisha mtu kurusha hakutoshi, lazima pia afundishwe kusikiza na kusikizwa, NASA ikaita mkutano mwaka wa 1979 na United wakaanza mafunzo hayo mwaka wa 1981. Ndio hii kitu leo inaitwa CRM (Crew Resource Management) ambayo utafanya kila mwaka mpaka uichoke. Tafadhali usiichoke.

Wahudumu wa kabini, macho yenu ndio yako nyuma

Marubani hawaoni mabawa vizuri, kwa ndege zingine hawayaoni kabisa. Wewe unaona. Abiria wako anaona.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa kwa ndege ya jioni kutoka hapa Kisumu, ile saa mvua ya ziwa inakusanyika. Kampuni siitaji. Tumepaa tu, mama mmoja wa dirishani akanishika mkono, "Binti yangu, hii kitu nyeupe kwa bawa ni ya nini?" Nikainama nikaona mstari mwembamba mweupe unatoka juu ya bawa unaenda nyuma kama moshi. Nikamwambia ni kawaida mama. Haikuwa kawaida na nilijua sijawahi kuiona. Nikaenda kugawa maji. Tulipotua Nairobi fundi akakuta kifuniko cha tangi hakikufungwa vizuri, mafuta yalikuwa yanavutwa nje njia yote. Kapteni akaniita, akaniuliza kama niliona, nikasema niliona, akasema mbona hukuniambia? Sikumjibu. Lakini asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimemuuliza kama kutakuwa na misukosuko ili nijipange na chai ya moto, akanijibu mbele ya wenzangu nishughulike na chai yangu, mambo ya anga niachie wenyewe. Mlango aliufunga yeye asubuhi. Ila ya kumdanganya yule mama ilikuwa yangu, hiyo siwezi kumpa kapteni.

Baadaye niliposoma kuhusu Kegworth, Uingereza, tarehe 8 Januari 1989, nilishika kichwa. Injini ya kushoto ndio imeharibika, abiria na wahudumu wa nyuma wanaona cheche na moto upande wa kushoto, na kapteni anatangaza kwa spika kwamba wamezima ya kulia. Watu wamekaa na hiyo habari mkononi na hakuna mtu aliipeleka mbele. 47 wakafa. Miezi miwili baadaye huko Dryden, Canada, ndege ikapaa na theluji juu ya mabawa, mhudumu aliiona, kulikuwa hata na marubani wawili waliosafiri kama abiria na wao waliiona, hakuna aliyemwambia kapteni. 24 wakafa. Mhudumu huyo alipona na akaeleza kwenye uchunguzi kwamba hawakuwa wamezoeshwa kupeleka maneno ya aina hiyo kwa marubani.

Kwa hivyo: ukiona kitu hujawahi kuona, piga simu ya ndani. Sema upande kwa kiti, si kwa mkono, kwa sababu wewe ukimwangalia abiria kushoto kwako ni kulia kwake. "Kapteni, mhudumu wa nyuma hapa, injini ya upande wa kiti A ina moto." Na ile kanuni ya kutowasumbua marubani chini ya futi 10,000, wengi wanaielewa vibaya. Ililetwa kuzuia porojo, na ilikuwa na sababu, mwaka wa 1974 ndege iligonga chini karibu na Charlotte huko Marekani marubani wakipiga stori za siasa na magari, watu 72. Haikuletwa kuzuia habari ya moto. Kapteni akikutangazia injini ya kulia na wewe umeona ya kushoto, hiyo si kusumbua.

Kapteni, jinsi ya kupokea

Mtu akikuambia umekosea, neno la kwanza liwe asante, hata kama yeye ndiye amekosea. Ukimkata mara moja tu, amekufa kwako hiyo safari nzima, na atawaambia wengine. Kisha angalia anachokuonyesha kwa macho yako kabla ya kujibu.

Ukitaka kuona kapteni anayeambika, msome Al Haynes. Julai 1989 injini ya mkia ya DC-10 yake ilipasuka angani na kukata mifumo yote ya kuelekeza ndege. Usukani haufanyi kitu. Alikuwa na miaka mingi kazini na angeweza kujifungia na ujuzi wake. Badala yake alipoambiwa kuna mwalimu wa marubani kati ya abiria, Denny Fitch, akamkaribisha mbele, akampa kazi ya kusukuma injini mbili zilizobaki ili ndege igeuke. Watu wanne wakifanya kazi ambayo hakuna aliyewahi kufunzwa. Walianguka kwenye uwanja wa Sioux City, 112 wakafa, lakini 184 wakaishi kati ya 296. Haynes mwenyewe alikuwa akisema ni yale mafunzo ya CRM, kwamba zamani kapteni alikuwa ndiye neno la mwisho na wangepotea wote.

Mazoezi bila simuleta

Simuleta, ile mashine ya kuigiza kurusha ndege, ni ya marubani na ni ghali, lakini viti vinne vya plastiki viko kila mahali. Viwili mbele, viwili nyuma. Mpe anayekaa kiti cha kapteni karatasi ya siri: puuza onyo la kwanza na la pili. Mpe msaidizi shida yenye namba, mafuta ya dakika ishirini na magurudumu hayashuki. Mtu mwingine ashike simu apime sekunde kutoka msaidizi aone hatari hadi aseme kwa maneno kamili, cheo, namba na anachotaka. Mara ya kwanza utashangaa, wengine wanafika dakika nne wakidokeza tu. Rudieni mpaka ishuke chini ya sekunde kumi. Halafu yule mpole kuliko wote mfanye kapteni, ajue pia kusumbuliwa kunaumaje. Yule msichana wa Maseno wiki ya tatu alinikatiza katikati ya sentensi, "Madam, simama, mstari wa pili ni 400 si 40," na hiyo siku sikuwa nimeweka kosa la makusudi.

Fanyeni hata mkiwa safarini. Ukiwa kwa matatu ya Kisumu kwenda Nakuru na umeona tairi imelala, usiseme "dere barabara ni mbaya", sema "Dere, tairi ya nyuma kushoto imeisha upepo, simama hapo Awasi tuangalie." Babu yangu alikuwa mvuvi pale Dunga na kwa mashua yake mtu wa kukumba maji alikuwa mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote, lakini ndiye aliruhusiwa kumpigia nahodha kelele, kwa sababu miguu yake ndiyo inajua maji yamefika wapi.

Na mkishatua, kabla hamjatawanyika kutafuta gari, simameni dakika tano mjiulize nani leo aliona kitu akanyamaza. Aanze mdogo kabisa. Kapteni aongee wa mwisho, maanake akitangulia yeye wengine wote watakubaliana naye tu.